Mtaalamu wa Mafuta Asiye na Shamba

Shemeji yangu Isdori ndiye mtu pekee Mpui nzima aliyesomea mafuta ya petroli, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa mwanamume pekee wa umri wake asiye na shamba. Mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja. Mimi ni mdogo wa mkewe, nimelitazama jambo hilo mpaka macho yakachoka. Watu wananiuliza sokoni, ninapouza dagaa, eti Adela, yule shemeji yako msomi yuko wapi siku hizi? Nawaambia yupo, anafundisha. Wakiuliza anafundisha nini, napima dagaa.

Alipomaliza kidato cha sita seminari, mwaka 1984, magari ya utafiti yalikuwa yameingia bonde la Ziwa Rukwa, kule Mtowisa na Ilemba kwenye joto. Walikuwa wakifyeka pori kwa mstari ulionyooka, wanachimba vishimo, wanalipua baruti, kisha wanasikiliza kwa mashine mlio unavyorudi kutoka chini ya ardhi. Walihitaji mtu wa kuwaeleza wanavijiji, kwa Kifipa na Kiswahili, kwa nini mstari lazima upite katikati ya mpunga wao. Wakampata Isdori. Mchana alitafsiri matusi ya wenye mashamba kuwa maneno ya adabu, na jioni wataalamu walimwonyesha karatasi ndefu zenye mistari iliyopindapinda. Walimwambia, haya ndiyo matabaka yaliyo chini ya miguu yako, tope juu ya tope, kilomita kadhaa kwenda chini, na huenda katikati yake kuna mafuta.

Alipopanda kurudi Mpui hakuwa mtu wa kawaida tena. Aliongea tope mezani, aliongea tope kanisani. Serikali ilikuwa inatafuta vijana wa kupeleka nje kusomea mambo hayo, na hesabu zake zilikuwa nzuri kuliko za wengi, wakamchukua. Akapelekwa Baku, katika nchi iliyokuwa bado ikiitwa Muungano wa Kisovieti. Baba yake, Mzee Eustace, alifanya sherehe ambayo Mpui wanaikumbuka hata leo. Pombe ya ulezi ilimwagika. Mzee akasimama mbele ya watu, akamshika mwanawe mikono yote miwili akainyanyua juu, akasema, "Mikono hii haitashika jembe tena." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa msichana mdogo, nilipiga makofi pia, wala sikujua ninapigia nini.

Alikaa huko miaka sita. Mwaka mmoja wa lugha, mingine ya mawe. Akisimulia habari za huko ndipo pekee nimemwona hachoki. Anasema kisima cha mafuta hakichimbwi kama cha maji. Patasi ya chuma inazunguka chini kabisa, na vipande vya mwamba vinapanda juu pamoja na tope. Kazi ya mtaalamu ni kuviosha kwenye chekeche, kuvinusa, kuvitazama chini ya taa maalumu, na kipande kingine anakitia mdomoni akitafune kidogo ajue ni mchanga laini au ni udongo mtupu. Udongo hauparuzi meno. Alifanya mazoezi kwenye mitambo iliyosimama baharini, upepo unataka kumng'oa, na mwalimu wake mmoja wa Kirusi akamwambia ana pua ya kazi hii. Hilo la pua ameniambia zaidi ya mara moja.

Akiwa hukohuko, kampuni ikachimba bonde la Rukwa. Wakachimba chini sana, wakakuta patupu, wakafunga virago. Isdori anasema aliposikia hakushtuka. Alijiambia shimo moja halitoshi kulihukumu bonde zima, na hilo ni kweli, hata vitabu vyao vinasema hivyo. Tatizo ni kwamba vitabu havilipi mtu wa kuchimba shimo la pili.

Akarudi mwaka 1991. Nchi aliyoiacha haikuwepo tena. Aliiacha watu wanapanga foleni ya sabuni na sukari, akaikuta kila mtu mfanyabiashara, nguo za mitumba zimetandazwa hadi mlangoni mwa ofisi za serikali, na ndani ya ofisi hizo watu wanapunguzwa kazini. Pale Dar es Salaam alizunguka na diploma yake yenye muhuri mwekundu. Walimpokea vizuri, wakamkalisha, wakampa chai. Wakamwambia elimu yake ni adimu, taifa linamhitaji, ila kwa sasa ajira zimesimamishwa, asubiri ataitwa. Mwenzake waliyesoma naye, Tadei, alisubiri naye kwa muda, kisha akaenda Tunduma kuuza mitumba. Tadei sasa ana kitambi na lori. Isdori yeye alisubiri mpaka nauli ya kusubiria ikamwishia, ndipo akarudi kwetu, Sumbawanga mjini, akamwoa dada yangu Justina, akaanza kufundisha jiografia kwenye shule ya wazazi ambayo mshahara wake ulikuja pale wazazi walipouza mahindi.

Ni mwalimu mzuri, sitamnyima hilo. Anachora matabaka ubaoni kwa chaki za rangi mpaka unataka kuyagusa. Lakini kila mwaka anatokea mwanafunzi mmoja, yule mwenye akili kuliko wenzake, anamfuata baada ya kipindi. Nilishuhudia siku moja nilipompelekea dagaa za nyumbani. Binti mmoja mrefu, sweta limechanika kiwiko, akamuuliza, "Mwalimu, nikisomea jiolojia ya mafuta kama wewe nitapata kazi?"

Isdori alifuta ubao wote kwanza. Alifuta hata mahali palipokuwa safi. "Utapata elimu," akasema.

"Na kazi, Mwalimu?"

"Kazi iko mikononi mwa wenye mitambo. Wakija, utakuwa umejiandaa. Wasipokuja, jiandae pia na kitu kingine."

Binti akaondoka akikunja kunja daftari. Nikamwambia shemeji, ungemdanganya kidogo tu, ungepungukiwa na nini? Akasema amechoka, nimwache. Basi nikamwacha. Ukikaa na Isdori unajifunza kumwacha.

Sasa nije kwenye shamba. Asiyelijua jembe la Ufipa hawezi kuelewa uchungu wa dada yangu. Kwetu ulezi haulimwi kwa mwaka mmoja. Mvua zikikaribia kuisha, majani yamesimama mpaka kiunoni, unayafyeka na kuyafunika kwa mabonge ya udongo, unatengeneza matuta ya duara tunayoyaita ntumba. Majani yanaoza humo ndani kiangazi kizima. Mvua za mwaka unaofuata zikianza, unayasambaza matuta yale ndipo unamwaga ulezi. Kwa hiyo ulezi unataka mtu mwenye ardhi yake, mtu ambaye mwaka kesho hataambiwa ahsante, pisha. Na nyumba isiyo na ulezi wake kwetu ni nyumba nusu. Hupiki pombe ya kuitia watu wakusaidie kulima, hupokei wakwe, huna cha kuweka mezani mtoto akipata komunio ya kwanza.

Justina hakuwa na ardhi. Kila msimu aliondoka mjini akaenda Mpui kukaa kwa baba mkwe, akaazima kipande kwa mama mmoja mjane, Emerensiana. Anafyeka, anafunika majani, anapanda maharage juu ya matuta. Mwaka unaofuata udongo ukishanona, Emerensiana anakuja na tabasamu lake la Jumapili anasema, "Mama Jenifa, mwaka huu nitapahitaji." Anamwaga ulezi kwenye matuta ya dada yangu, na dada yangu anapewa kipande kingine chenye majani, aanze upya. Mwaka baada ya mwaka alinonesha udongo wa watu.

Na ardhi ilikuwepo! Mzee Eustace alikuwa ameshawagawia wanawe wengine wote walipooa, kama ilivyo desturi. Kilibaki kipande kizuri karibu na kinamasi, kimelala majani matupu. Lakini Isdori akigusia tu, mzee anainua mkono. "Wewe usilime, Baba. Utaitwa. Mtu akishika shamba anaota mizizi. Siku wakikuita wakukute mwepesi." Na Isdori anasema sawa, Baba. Anasema sawa! Ningekuwa mimi ningegaragara chini. Dada yangu naye, kwa heshima ya mkwe, ananyamaza, anaenda kwa Emerensiana.

Mwaka 2001 ulibaki mwaka mmoja mtoto wao Jenifa apate komunio ya kwanza. Justina aliniambia nikiwa nafunga mzigo sokoni, bila kunitazama usoni, "Mdogo wangu, nitamfanyia mwanangu sherehe kwa pombe ya kununua, kama mtu asiye na kwao." Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Akasema Pasaka hiyo Isdori atamwomba baba yake ardhi waziwazi, ameahidi. Majani yalikuwa yamebakiza muda kidogo tu yakauke. Asipofunika Pasaka hiyo, basi tena. Nikasema nakuja nanyi, nishuhudie.

Tukapanda lori la mahindi sote wanne tukashuka Mpui Ijumaa Kuu. Niliona jambo la ajabu tukitembea kuelekea kwa mzee. Miteremko yote inayotazama kinamasi ilikuwa na majani bado. Msimu ule, majirani wote wangekuwa wamejaza matuta, lakini kulikuwa kimya, majembe yameegemezwa ukutani.

Mzee Eustace alikuwa anatungoja njiani. Nikachuchumaa, nikapiga makofi ya salamu, nikasema shikamoo Mzee. Aliitika marahaba mbiombio, macho yakiwa kwa mwanawe. Alikuwa amevaa koti lake la Misa. "Yamekuja yenyewe," akasema. "Hawakukuita, basi mafuta yamekufuata nyumbani."

Habari ikatoka. Jirani yao Maganga, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka ya nyuma, alikuwa amepeleka mifugo kinamasini, ng'ombe wakanusa maji, wakageuka. Akatazama akaona juu ya maji utando unaong'aa rangi rangi, bluu, zambarau, kama ule wa chini ya lori linalovuja. Akaja kumwambia mzee. Mzee akaenda akaona. Siku ya pili kijiji kizima kilikuwa kimeona. Wakakumbuka kule bondeni zamani, jinsi wenye mashamba kwenye mstari wa utafiti walivyolipwa fidia na wengine wakahamishwa. Wakasema mwenye kulima sasa anafanya kazi bure, mitambo ikija italala juu ya matuta. Mzee mwenyewe ndiye aliyewashauri waache kulima mpaka mwanawe atoe neno. Watu wengine wakiona mafuta wangekimbilia kulima zaidi wadai fidia. Wafipa wa Mpui waliona aibu kufunika majani mahali ambapo patahitajika na taifa, wakaweka majembe chini kwa adabu kabisa.

Justina alinishika mkono.

Jumamosi asubuhi tulishuka kinamasini, nusu ya kijiji nyuma yetu. Ni kweli, maji yalikuwa yanang'aa. Nitasema ukweli, hata mimi moyo uliruka. Nilijiona niko kwenye nyumba ya bati jekundu, simuuzii mtu dagaa. Nikamtazama shemeji nikaona uso wake umebadilika, umerudi kuwa wa yule kijana aliyetoka bondeni akiongea tope. Alichuchumaa ukingoni, akanusa. Akachovya kidole akasuguanisha na dole gumba. Kisha akaokota kijiti.

"Tazameni hapa," akasema kwa sauti ya darasani. "Nitauvunja utando huu. Mafuta ukiyakata yanarudi, yanajiunga. Kama si mafuta, utando utakatika vipande kama ukoko na vipande vitabaki vimeachana."

Akauchoma katikati. Utando ukapasuka vipande vidogo vyenye kona, vikaelea kila kimoja kivyake. Tulingoja. Havikuungana. Akaenda hatua kadhaa akajaribu pengine, na pengine tena, na mimi najua kwa nini alirudia, maana jibu alishalipata mara ya kwanza.

Akasimama, viatu vimejaa maji. "Kitaalamu," akaanza, "ili kuwa na uhakika ingefaa tusubiri vipimo vya..." Hapo nilimjua. Hayo ndiyo maneno aliyopewa yeye Dar es Salaam pamoja na chai. Akitamka hilo tu, baba yake anapata mwaka mwingine wa kuvaa koti la Misa siku za kazi. Mzee alikuwa anamtazama, mdomo uko wazi kidogo, kama mtoto anayesubiri kulishwa.

Isdori akageuka akatazama mteremko, majani yalivyosimama, ncha zimeanza kuwa njano. Akamtazama mkewe.

"Hapana," akasema. "Si mafuta. Ni chuma. Udongo wetu una chuma, ndio maana mababu walijenga matanuru yao huku. Maji yakisimama, chuma kinatoa kutu, ndiyo inayong'aa hivi. Hakuna mtambo utakaokuja hapa. Nendeni mkafunike majani yenu, leo, msingoje Jumatatu."

Maganga akauliza, "Sasa ng'ombe wakinywa?"

"Hayawadhuru. Hawapendi ladha tu."

Watu wakaondoka. Walikuwa na hasira kidogo, ila ni hasira ya watu waliochelewa kazi. Baada ya muda mfupi nikasikia majembe upande wa pili wa mteremko. Mzee Eustace alibaki amesimama. Kisha akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya mkono, akatangulia kurudi nyumbani.

Alasiri mimi na Justina tulikuwa tunapukuchua maharage nyuma ya nyumba. Isdori na baba yake walikaa barazani, tunasikia kila neno. Wakaongea kwanza Kifipa, kuhusu paa la jiko. Halafu mzee akahamia Kiswahili, kama anavyofanya akiwa na jambo zito.

"Baba, tangu lini unajua hutaitwa?"

Isdori akajibu, "Tangu mwaka ule niliorudi."

"Na mimi nikikwambia usilime, ukawa unaitika tu?"

"Ulikuwa unafurahi, Baba. Uliinyanyua mikono yangu mbele ya watu. Ningekuja nikuombe jembe kwa uso gani?"

Mzee akacheka, kicheko kikavu kisicho na furaha. "Basi sikia. Mimi nami nilijua. Nilimuuliza Padre mwaka ule ule, akaniambia wazungu wameondoka na hawatarudi leo wala kesho. Nikasema, nikimpa huyu shamba, nitakuwa nimemzika na masomo yake yote. Nikaona bora akiniona naamini, naye ataendelea kuamini."

"Sikuwa naamini."

"Ndiyo. Sasa naona."

Sauti ya Isdori ilivunjika kabisa. Sijawahi kumsikia mwanamume wa Kifipa akilia mchana, na sikupenda kusikia. Mzee naye alikuwa anapenga kamasi. Walikuwa wamehurumiana miaka yote hiyo wanaume wawili, kila mmoja akishikilia mlango ambao mwenzake hakutaka kuupita. Niliwaonea huruma, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi. Nilimtazama dada yangu. Alikuwa ameacha kupukuchua, mikono imelala kwenye ungo, ile mikono yake yenye sugu kila kidole.

Jua likiwa bado juu mzee alituita sote. Akachukua jembe, tukamfuata mpaka kile kipande cha karibu na kinamasi. Akauzunguka mpaka wake wote kama desturi inavyotaka, akitaja kwa sauti kila jiwe na kila kichaka, mimi na Jenifa tukiwa mashahidi. Akakata bonge la kwanza la udongo akalilaza juu ya majani. Kisha akampa mwanawe jembe.

Isdori alilishika kama anayeshika mtoto wa mtu. Alipiga mara mbili, jembe likaruka, majani yakabaki yamesimama. Mzee akasema taratibu, atajifunza, ardhi anaijua, kilichobaki ni mgongo tu. Akamgeukia Justina akamwambia, "Mkwe wangu, utusamehe. Tulikuwa tunaogopa kuumizana."

Justina akamnyang'anya mumewe jembe, akainama. Mabonge matatu, manne, tuta limeanza kuwa duara, majani yote yamelala chini. Ndipo akajinyoosha, akawatazama wote wawili, mkwe na mume, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akamjibu baba mkwe usoni.

"Mngeniuliza mimi," akasema. "Ningewaambia mapema kwamba hakuna mafuta. Mimi ndiye niliyekuwa nachimba."